Ada Niliyodai Kaburini kwa Shangazi Kahaso

Nyumba ya Mama Kahaso,
Port Reitz,
Mombasa.

Jumatatu, 9 Machi 2026

Mpendwa binamu yangu Gershom,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko mzigo atakaoruhusiwa mbebaji wa barua hii kupanda nao ndege. U hali gani wewe? Kifua kimetulia? Mara ya mwisho tulipozungumza ulikohoa mpaka nikasahau nililokuwa nataka kukwambia. Na lile koti zito umeshalinunua, au bado unajitia ujana? Mwili wenyewe ulivyokuwa mwembamba, upepo wa Kanada ukikushika sawasawa tutakuja kukuokota nchi nyingine.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Magoti ndiyo hayanipi amani kila nikichutama mbele ya karai la mahamri, lakini kibanda changu cha chai pale Kipevu bandarini kinaendelea, na madereva wa malori bado wanakula viazi karai kama watu walioachishwa kula nyumbani kwao. Joto la mwezi huu usiulize. Hata kuku wanalala wamefungua mdomo.

Usishangae kupata karatasi badala ya sauti ya simu. Barua hii anakuletea Mwende, binti wa jirani yetu Elkana, ambaye amepata kazi ya uuguzi huko huko Winnipeg na anaondoka keshokutwa. Siku hizi za kampeni sauti ya mtu hukatwakatwa ikaungwa upya, na jioni unajisikia ukisema usiyoyasema. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu, na jina langu lote nimeliweka chini. Ukitaka kumsomea mtu, msomee. Sina ninalolificha.

Pole tena, binamu, kwa kuondokewa na mama. Najua ulivyotamani kuja. Uliponiambia kwamba ukitoka huko kabla ombi lako la hifadhi halijaamuliwa hutaruhusiwa kurudi, nilikuelewa. Nani asiyejua ulivyokimbia vile vitisho vya kesi ya ardhi, na viatu vyako tukavikuta mlangoni? Hakuna aliyekulaumu hapa, na aliyejaribu nilimnyamazisha. Lakini nataka ujue mama yako aliuguzwa na nani na alizikwa vipi, kwa sababu yaliyokufikia kwa mdomo wa ndugu yako Tinga siyo yaliyotokea.

Nianze na Nsimire. Humjui kwa uso, ila umewahi kuisikia sauti yake kwenye simu ya mama akikusalimia, "Papa Gershom, jambo." Alifika huku mwaka jana kutoka Bukavu, vita vilipoingia mjini kwao. Mumewe hajulikani aliko. Alikuwa na mtoto wake wa kike, Ombeni, na mfuko mmoja wa nguo. Mama yako aliwakuta wamekaa ukutani pa kanisa baada ya ibada, watu wote wanawapita wakiwaambia Mungu awabariki. Unamjua shangazi, hakupenda baraka isiyokuwa na chakula. Akawachukua wote wawili akawapa kile chumba cha nyuma kinachotazama ua. Kodi yao ilikuwa kufagia na kumsuka nywele.

Kiharusi kilipomwangusha mwezi wa kumi, mkono wa kulia ukafa na ulimi ukafungika. Tangu siku ile shangazi hakusema neno tena. Mimi nilikuwa nikifika jioni nikitoka Kipevu. Mchana wote alikuwa mikononi mwa Nsimire. Yeye ndiye aliyemgeuza kitandani, ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko akimpangusa kidevu kama mtoto. Aliendelea kumsuka nywele hata alipokuwa hatambui tena kwamba zimesukwa. Mama yako ameondoka duniani hana kidonda hata kimoja mgongoni. Muulize yeyote kati yetu tuliomwosha siku ya mwisho.

Tinga, huyo mtoto wa baba yako mdogo, alifika kupigwa picha. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaushika ule mkono uliokufa, picha ikapigwa, akaondoka. Aliyokwambia kwamba amemwajiria mama muuguzi, basi na iwe ndoto yake. Hapa hakuna aliyemwona muuguzi huyo.

Sasa sikiliza hili la uchaguzi, maana ndilo lililoleta yote. Mwakilishi wetu wa wadi alifariki, uchaguzi mdogo ukaitishwa, na Tinga akajitosa. Mimi sikuwa na neno. Ni mtoto wa nyumbani, ana maneno matamu, na barabara yetu ya nyuma inahitaji mtu wa kuipigia kelele. Mkutano wake wa kwanza nilimpikia mahamri. Alizungumza juu ya maji na taa, na watu wakamsikiliza huku wakitazama simu zao, kwa sababu maji na taa wameshaahidiwa mpaka masikio yamekufa ganzi. Mkutano uliofuata, pale stendi, akagusia wageni kidogo tu. Watu wakapiga makofi. Tangu siku hiyo sijamsikia tena akitaja maji.

Wageni ndio wanaojaza foleni ya zahanati. Wageni ndio wanaochukua vibarua vya vijana wetu. Wageni wameandikishwa kisirisiri kupiga kura. Akichaguliwa tu, anasema, wadi nzima itasafishwa. Kusafishwa, Gershom! Kama tunaozungumziwa ni kunguni.

Foleni ya zahanati tulikuwa tukiipanga tangu wewe ukivaa suruali fupi. Vibarua vilipungua huku kabla Nsimire hajajua kuwa kuna mji unaitwa Mombasa. Mimi nauza chai kwa hao vibarua, najua asubuhi ipi nilirudi nyumbani na birika limejaa. Na kura, je? Nsimire ana karatasi moja ya kuonyesha kwamba ameomba hifadhi na anasubiri kuitwa kwa mahojiano. Karatasi hiyo haimruhusu kupiga hata mluzi. Na ndiyo sababu anatukanwa yeye. Mimi ukinitukana nitakunyima kura. Yeye atakunyima nini?

Nilimwita Tinga pembeni nikamwuliza, maana ni ndugu. Nilimwuliza kama kweli anaamini hayo. Akacheka, akanishika bega. "Dada Kache, hayo ni maneno ya jukwaani. Nikishapita nitayaacha."

Hapo ndipo aliponipandisha hasira, na mpaka leo hazijashuka. Angekuwa anayaamini, ningebishana naye kama ninavyobishana na mtu aliyekosea njia. Lakini anajua ni uongo, na anausema kwa ustadi, akitarajia kuuvua kama koti akifika ofisini. Walioupokea je, watauvua lini? Kuna watoto hapa sasa wanamrushia Ombeni mawe akienda kuchota maji. Hao hawakuambiwa kwamba ni maneno ya jukwaani.

Mama yako akafariki katikati ya hayo, alfajiri, Nsimire na mimi tukiwa kitandani pake. Sitaandika mengi juu ya saa ile. Alipumua kama mtu anayeshusha mzigo, basi. Tulilia mimi na yule Mkongo, tumeshikana, na wa kutubembeleza alikuwa hajaamka bado.

Mazishi yalikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa pili, na kamati ya mazishi ikageuka kamati ya kampeni. Msafara ulipita barabara ya Dongo Kundu hadi shambani kwenu Shika Adabu, na picha ya Tinga kwenye magari ilikuwa kubwa kuliko ya marehemu. Mtu asiyejua angefikiri ndiye tunayekwenda kumzika. Vijana wake wakasimama mlangoni mwa basi, na Nsimire alipoweka mguu wakamteremsha. Eti mheshimiwa hataki kuonekana na wageni mbele ya kamera. Nikamchukua nikamweka kwenye pikapu ya Elkana, katikati ya masufuria ya pilau, na nikamtupia kanga yangu ajifunike jua. Kwa hiyo aliyemuuguza mama yako alifika mazikoni na chakula, kama kitunguu.

Pale kaburini, sanduku likiwa limeshateremshwa na vijana wameshika majembe, Tinga akaomba kipaza sauti. Nakuandikia maneno yake kama yalivyo, kwa sababu yameniganda. "Mama Kahaso nimemuuguza kwa mikono yangu hii. Na neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, mwanangu Tinga, linda nyumba zetu, wageni wasije wakatumaliza."

Gershom, mtu aliyefungwa ulimi tangu mwezi wa kumi! Alimfanya mama yako, maiti, awafukuze waliomwosha. Nilihisi miguu inapata moto. Nikapita katikati ya watu, nikampokonya kijana mmoja jembe, nikaenda nikalikalia lile fungu la udongo. Nikanyoosha miguu, jembe nikalilaza mapajani.

Wazee wote wakaelewa mara moja. Unamkumbuka marehemu baba yangu alivyofanya tulipomzika baba yako, alivyokalia udongo akikataa kuondoka mpaka apewe jogoo? Ukoo wetu na ukoo wenu ni watani. Mama yako alizaliwa kwetu akaolewa kwenu, na mtu wetu akizikwa kwenu haki ya mtani iko pale pale, kuukalia udongo mpaka ada yake itoke. Hakuna anayemfukuza mtani kaburini. Akifukuzwa, maiti hafukiwi.

Nilianza na mzaha, kama ilivyo ada. Nikamwigiza shangazi alivyokuwa akiwakaripia wapangaji huku anawaongezea mboga, na alivyokuwa akijifanya hasikii mchungaji akitaja habari za tumbaku. Watu wakacheka huku wanalia. Tinga naye akacheka, akatoa noti mfukoni akainyoosha mbele ya kamera. "Haya mtani, chukua, utuachie njia."

"Irudishe," nikamwambia. "Leo mtani hali noti."

"Wataka mbuzi?"

"Nataka ukweli, na nautaka kwenye hicho kipaza sauti. Useme ni nani alomwosha mama huyu tangu mwezi wa kumi. Kisha utwambie hilo neno la mwisho alikwambia kwa ulimi upi."

Kicheko kikakatika. Mchungaji akakohoa akasema tuendelee na ibada, na hapo ndipo Mzee Matano, baba yako mkubwa, aliposimama na mkongojo wake. Sikumtarajia. Ni mtu wa kunyamaza, na Tinga ndiye anayemletea dawa zake za presha.

"Mchungaji, tuwie radhi, hili halimo kwenye kitabu chako," akasema. "Tinga, mwanangu, mtani amedai. Lipa."

Tinga akanisogelea akainama kana kwamba anaufuta udongo. "Dada, waniharibia," akaninong'oneza. Jua lilikuwa likiniunguza shingo, na chini yangu udongo ule ulikuwa bado una ubaridi wa ndani. Nikaanza kuimba ule wimbo wa kumsuta mtani bahili, na akina mama wa kwetu wakaupokea. Tuliuimba mpaka jasho likamtoka hata kwenye kope.

"Aliuguzwa na Nsimire," akasema mwishoni.

"Kipaza sauti!" akaita mwanamke mmoja nyuma.

"Aliuguzwa na yule mama wa Kongo." Safari hii ilisikika mpaka barabarani. "Na hakuwa akisema."

"Hakuwa akisema nini?" Mzee Matano akauliza.

"Hakuwa akisema kitu, baba. Ulimi wake ulikuwa umefungwa."

Nikasimama, nikajipangusa makalio, nikarudisha jembe kwa mwenyewe. Kisha Nsimire akaja kutoka jikoni, mikono inanuka moshi, na watu wakampisha. Alitupa udongo wake, akasema maneno kwa lugha ya kwao ambayo hakuna aliyeyafahamu, akarudi kwenye masufuria. Mama yako akafukiwa. Ndivyo alivyozikwa, na nikwambie wazi, nilijisikia vizuri sana.

Nilidhani yameishia pale. Siasa haina haya, binamu. Kesho yake nikaoneshwa kwenye simu nimekaa juu ya udongo na jembe, na chini yake wameandika kwamba mimi ni mwanamke aliyenunuliwa na mpinzani kuja kuvuruga mazishi. Sehemu ambayo Tinga alikiri haimo. Jumatano alisimama tena stendi, akaulizwa na mtu mmoja juu ya Nsimire, akajibu, "Ya matangani yameishia matangani," kisha akarudia yale yale ya kusafisha wadi, na makofi yalikuwa mengi kuliko mwanzo. Kanisani nimeambiwa nipumzike uongozi wa kikundi cha akina mama mpaka uchaguzi upite. Nimewaambia sijachoka. Jumapili nilikaa kiti kile kile cha mbele, na kofia.

Kisha vijana wake wakaja na rangi nyekundu wakapiga alama ya mkasi, mistari miwili iliyokatana, kwenye mlango wa Nsimire, mchana kweupe, wakiimba jina la Tinga. Jacktone alikuwa ametoka zamu ya Kipevu, amelala. Unamkumbuka, yule mpangaji wenu ambaye mama yako aliwapokea yeye na wazazi wake walipofukuzwa Likoni kwa kuitwa wageni mwaka wa tisini na saba. Akatoka na shuka kiunoni, akautazama ule mlango.

"Mama Kache," akaniambia, "sisi walituanza hivi tu. Mara ya kwanza ni maneno, watu wanasema ni kura tu, itaisha."

Akaenda dukani na shuka yake hiyo hiyo, akarudi na kopo la rangi nyekundu. Akaanza na mlango wake mwenyewe. Akaniachia brashi nikapiga mlango wa mama yako, na wapangaji wengine wakatoka mmoja mmoja. Wawili walikataa, na siwalaumu, wana watoto wachanga. Lakini ukifika leo hutajua mlango wa mgeni ni upi. Ni kazi mbaya, nakubali, rangi imechuruzika kila mahali, na utakaporudi utapaka upya. Plot za jirani, zenye wapangaji kama sisi, hazikutuiga, kama unadhani nakupigia hadithi. Wanatuchungulia tu.

Nsimire mwenyewe ndiye aliyetaka kunivunja moyo. Nilimkuta amefungasha ule mfuko wake, Ombeni amevishwa viatu. "Mama Kache, miye naenda," akasema. "Siwezi kubali mupate mateso juu yangu." Nikamwuliza anakwenda wapi. Nikaufungua mfuko, nikazirudisha nguo kwenye kamba moja moja, hata zile kavu, nikimgombeza kwa sauti ili majirani wasikie. Usiku ule nikahamisha kitanda changu. Sasa nalala chumba cha mama yako, na mlango wangu na wa Nsimire inatazamana.

Kabla sijasahau, na wewe upate kufurahi kidogo: mwanangu Gladys amejifungua salama, mtoto wa kike, mweusi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo. Tumempa jina Kahaso. Ameshaanza ukali.

Sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Ijumaa Tinga alikuja hapa na Mzee Matano na watu wengine, akasimama uani akatangaza kwamba chumba cha nyuma kiwe wazi kabla ya siku ya kura, ambayo ni Alhamisi ya wiki ijayo. Tukamwuliza kwa amri ya nani. Akasema kwa amri ya mwenye nyumba. Akasema amezungumza nawe kwa simu, na wewe Gershom, mtoto wa pekee wa Kahaso, umekubali wageni watolewe. Mzee Matano akainamisha kichwa. Kwa desturi mali ya marehemu haiguswi mpaka hanga la pili, yale matanga ya kukabidhiana mali, lakini neno la mwana wa marehemu likitoka, yeye hana la kulipinga. Ndivyo alivyoniambia, na alikuwa na huzuni.

Mimi sikungoja kukuuliza. Nilisema pale pale, mbele ya wote, kwamba ni uongo. Nikasema Gershom ninayemjua mimi analala kwenye chumba cha watu huko Kanada akisubiri kuitwa kuhojiwa, anaogopa kila barua inayopitishwa chini ya mlango, na mtu wa namna hiyo hawezi kumtoa mwenzake nje. Nimelisema hilo tena stendi, nimelisema kibandani kwa madereva, na nimelisema kanisani mlangoni walipokataa nilisemee ndani. Nimeapa kwa jina lako, binamu, bila kukuuliza.

Kwa hiyo nataka ujibu, na usinijibu mimi. Mpigie Mzee Matano siku utakayoisoma barua hii, umwambie kwa kinywa chako kama ulisema au hukusema. Sitaki pesa yako wala maelezo. Ikiwa Tinga alikuuliza kwa hila, kwamba nyumba ina matatizo na wewe ukajibu fanya unavyoona, basi sema hivyo hivyo, hakuna atakayekucheka. Ikiwa ulikubali kwa sababu anayo namba ya wakili wako wa hifadhi na unaogopa akuharibie ombi, sema hivyo pia. Ila usikae kimya, kwa maana kimya chako anakitumia yeye.

Na ikiwa kweli ulisema watolewe, Gershom, ukiwa na akili zako, basi usinipigie. Njoo unitoe mwenyewe, kwa kuwa mimi sihami kwa simu, na atakayeingia chumba cha Nsimire atapita kwanza kwenye kitanda changu.

Tinga huenda akashinda. Makofi ni yake, na sina macho ya kuona yaliyomo ndani ya masanduku. Akishinda nitamsalimia kama mwakilishi wangu, kisha nitamdai barabara, maji na taa, na kila atakapotaja wageni nitakuwa mbele. Alishalipa ada ile mbele ya maiti, na ada ya mtani hairudishwi mfukoni. Wazee wa kwenu wanalijua hilo hata wakinyamaza.

Mzee Matano anakusalimu sana, na anakungoja. Jacktone anauliza kama huko kuna kazi ya kreni. Gladys na Kahaso mdogo wanakusalimu, Elkana pia, na amenituma umwangalie Mwende wake asipotelee kwenye baridi. Nsimire anakupa pole ya mama. Anasema nywele zake zilikuwa laini mpaka mwisho. Nami nakuomba umpe salamu zangu huyo mzee wa kanisa la huko aliyekupa chumba chini ya nyumba yake. Mwambie simjui, lakini namtaja kila jioni nikipiga magoti, na unajua magoti yangu yalivyo.

Mungu akufungulie mlango unaoubisha huko uliko, na akupe ujasiri wa kuuacha wazi huu wa mama yako.

Wako akupendaye, na asiyehama,

Kache Kiponda